Umeme Wako Mwenyewe

"Mwanangu, nyaya hizi hazitanipiga shoti?"

Baba aliuliza hivyo akiwa kifua wazi kitandani, macho yake yakiwa kwenye nyaya kumi zilizoning'inia mkononi mwa yule dada. "Hapana, baba. Hapa hatuweki umeme. Umeme ni wako, sisi tunausoma tu." Mzee akacheka, mabega yakashuka. Mimi niliyemsindikiza sikujua bado kwamba kicheko kile nacho kilikuwa sehemu ya kipimo cha moyo.

Umeme wenyewe ni kidogo mno. Huanzia kwenye kijikundi cha seli upande wa juu wa kulia wa moyo, ukasambaa, ukachelewa kidogo katikati ili vyumba vya juu vimalize kusukuma damu, kisha ukashuka kwa kasi vyumba vya chini. Ukifika kwenye ngozi umebaki kama sehemu moja ya elfu ya volti. Nayo misuli inayotetemeka kwa hofu au baridi hutoa umeme, na mtetemo wake huingia kwenye mstari uleule wa moyo.

Dada alipangusa ngozi kwa spiriti, akanyoa vinyweleo mahali pawili, maana kibandiko kisichoshika huzaa mstari unaoyumba. Kisha vidole vikaanza kuhesabu mbavu. Hakukisia kwa macho. Alianzia kwenye kishimo cha koo, akateremka hadi kituta kidogo cha mfupa wa kidari, akatelezesha kidole pembeni, akashuka: nafasi ya pili, ya tatu, ya nne. Hapo ndipo kibandiko cha kwanza kilipokaa, kulia kwa mfupa, na cha pili kushoto. Vingine vikazunguka chini ya titi hadi ubavuni. Waya mwekundu mkono wa kulia, wa njano kushoto. Akizibadilisha hizo mbili tu, mawimbi kadhaa hupinduka, na mtu mzima wa afya anaweza kudhaniwa moyo wake uko kulia. Wagonjwa wa kike, aliniambia, huwawekea khanga karibu: anafunua kipande anachokihitaji, anafunika.

Nilipotazama ile mashine ndogo, nilimkumbuka aliyeunda mtambo uliotangulia mashine kama hiyo: Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860. Kabla yake, mwaka 1887, Augustus Waller alikwisha kurekodi umeme wa moyo wa binadamu jijini London, lakini kwa chombo chenye mwendo mzito, kilichopotosha mawimbi. Einthoven, huko Leiden, alitaka kitu chepesi hata umeme huo hafifu uweze kukisogeza. Akapata uzi wa kwatzi. Kwatzi iliyeyushwa, ikafungwa kwenye mshale, mshale ukafyatuliwa, nao ukavuta nyuma yake uzi mwembamba kuliko unywele. Ukapakwa fedha na kutundikwa katikati ya sumaku kubwa. Mshale! Mtambo mzima ulikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ulihitaji watu watano kuuendesha, huku mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1924. Herufi alizoyapa mawimbi, kuanzia P hadi T, hazijabadilishwa mpaka leo.

Kwenye mashine ya dada, karatasi ya miraba ikaanza kutoka, milimita 25 kila sekunde. Dada hakungoja daktari aione. Aliitupia jicho, akakunja uso: mstari ulikuwa na manyoya madogomadogo. "Baba, unasikia baridi?" Mzee akakubali kwa aibu. Dada akazima pangaboi, akamfunika miguu kwa shuka, akamwuliza habari za mvua za huko kwao. Wakazungumza hivyo kidogo, halafu akamwomba anyamaze.

Karatasi ya pili ilitoka safi. Ile ya kwanza akaikunja ili aitupe.

"Nipe hiyo, mwanangu," baba akasema. "Nikamwonyeshe mama watoto umeme wangu."