Namba 1800+, Megahezi 1533

Oktoba 2001 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za Athlon XP, na majina yake yakawababaisha wanunuzi: 1500+, 1600+, 1700+, 1800+. Wengi walidhani hizo ni megahezi. Kumbe 1800+, kubwa kuliko zote siku ile, ilikwenda kwa megahezi 1533.

Ulaghai? Si hasa. Pentium 4 ya Intel, iliyotoka Novemba 2000, ilipata kasi yake kwa kuikatakata kazi: amri moja ilipitia hatua 20, kila hatua fupi kiasi cha kuiacha saa ya prosesa ipige harakaharaka. Tatizo huja prosesa inapobashiri vibaya programu itaelekea wapi. Yote yaliyokwisha kuingia kwenye foleni hiyo ndefu hutupwa. Athlon ilikuwa na hatua 10, na kila pigo lilizaa kazi zaidi. Katika majaribio mengi ya wakati huo, 1800+ iliishinda Pentium 4 ya gigahezi 1.8.

Rasmi, AMD walisema kwa namba hizo wanalinganisha na Athlon zao za awali. Haya.

Mchezo wenyewe haukuwa mpya. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Cyrix iliuza prosesa ya 6x86 PR200+ yenye megahezi 150. Kwenye kazi za ofisi ilijitahidi, ila hesabu za desimali ziliilemea, na mchezo wa kompyuta wa Quake, wa mwaka 1996, ukaianika.

Mambo yalizidi kuchanganya mwaka 2003. Athlon XP 2800+ ya awali ilikuwa na megahezi 2250; 3000+ iliyoifuata ilishuka hadi 2167, lakini kache yake iliongezwa kutoka kilobaiti 256 hadi 512. Ikaja pia 2800+ nyingine, ya megahezi 2083. Jina moja, prosesa mbili!

Fundi hakuweza kutegemea jina. Megahezi 1533 za 1800+ ni 133 za ubao mama mara 11.5. Betri ya ubao ikifa, mbao nyingi zilirudi kwenye 100, na skrini ya kuwashia ikaonyesha 1150. Mwenye mashine alilalamika kwamba kauziwa feki, wakati dawa ilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kurudisha 133.

Mwaka 2004 Intel nao wakahamia kwenye namba: Pentium 4 550 ilikuwa na gigahezi 3.4, na Pentium M 755 ya kompyuta mpakato ikawa na 2.0 tu.