Jicho la Muuza Vikuukuu

Ndani ya jumba la makumbusho la Louvre msafiri huona vitu ambavyo wengine wamekwisha kumchagulia. Mimi hupenda zaidi kuona watu wakichagua, na kwa hilo Paris ina mahali pake: soko la vikuukuu la Porte de Vanves, kusini mwa jiji, asubuhi ya Jumamosi au Jumapili. Meza hupangwa kando ya barabara, na juu yake kuna uma, vitasa vya milango, medali, barua za mapenzi za watu waliokwisha kufa, mwanasesere asiye na jicho. Apitaye haraka ataona takataka tu.

Ninayemsifu ni yule aliyesimama nyuma ya meza. Mtazame anapoletewa kijiko kilichofifia kwa weusi. Hahangaiki kukisugua. Anakigeuza, anachomoa kioo cha kukuzia, anatafuta kwenye mpini alama isiyozidi punje ya mtama: kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, ambacho Wafaransa wamekuwa wakikigonga juu ya fedha tangu 1838. Kwenye fedha ya zamani, kikiwa na namba 1, sehemu 950 katika 1,000 ni fedha halisi. Kikiwa na 2, ni 800. Asipokiona, kijiko huenda ni cha zamani zaidi, chenye alama nyingine ambazo nazo anazijua, au ni madini duni yaliyopakwa fedha juu juu. Anakirudisha mezani na bei imekwisha kukaa kichwani.

Kwenye kauri anatumia sikio. Bakuli analiweka juu ya ncha za vidole na kugonga ukingo kwa ukucha. Zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Ndipo anapoligeuza kusoma muhuri. (Ukisoma Maastricht, jina la mji wa Uholanzi, usipite haraka: mabakuli ya huko yaliuzwa hadi Unguja na Lamu katika karne ya 19.) Kwenye meza ya mbao, kabla ya kutazama uso uliong'arishwa, anavuta mtoto wa meza na kukagua maungio ya kona. Yakilingana mno, yamekatwa kwa mashine. Mkono wa fundi haurudii kipimo kile kile sawasawa, na hapo kasoro ndiyo inayopandisha bei.

Elimu hii ina mababu maskini. Waokota takataka wa Paris walizunguka usiku na taa, ndoano na kapu mgongoni, wakichambua matambara, mifupa na vyuma. Mnamo 1884 amri ya gavana Eugène Poubelle iliyowataka wenye nyumba kuweka mapipa ya taka ilianza kazi, na riziki yao ikabanwa. Wengi walikuwa tayari nje ya ngome za jiji, upande wa Saint-Ouen, ambako ushuru wa kuingiza bidhaa mjini haukuwafikia. Soko la vikuukuu la huko huhesabiwa kuwa lilizaliwa 1885. Mnamo 1920 Romain Vernaison akajenga vibanda vya kupangisha katika kiwanja chake, na jina lake lingali pale.

Saint-Ouen ya leo imetajirika kupita ladha yangu. Yako maduka ya milango ya vioo, taa za dari za bei ya kutisha, na wauzaji wanaokutazama viatu kabla ya uso. Lakini ingia Vernaison, katika vichochoro vya vifungo, shanga na kadi za posta, utawakuta mafundi wa jicho bado wapo.

Bei hupungua, ila si kwa namna ya Kariakoo. Ukitaja robo ya bei, muuzaji hapandi sauti. Anakuacha na kuendelea kupanga vitu vyake. Salimu kwanza. Kushika bidhaa ya mtu kabla ya salamu ni utovu wa adabu, na mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa kwa nini. Kisha uliza kitu kilifanya kazi gani kabla ya kuuliza kinauzwaje, maana fundi aliyeulizwa habari za kazi yake hulegeza bei kuliko aliyebishiwa.

Nenda Vanves kwa metro namba 13, ufike saa moja asubuhi ukiwa na noti ndogo ndogo, kwa sababu mapema mchana meza hukunjwa. Saint-Ouen itakusubiri hadi Jumatatu.