Fundi Asiyeinyamazisha Mashine

Guangzhou haina baridi ya kutisha. Wastani wa joto la Januari ni nyuzi 14 hivi, na kwa kuwa jiji liko mbali kusini mwa mto Huai, halimo katika miji ya China inayopashwa joto kwa mabomba ya serikali. Moto wa nyumbani hukaa ndani ya kasha la bati lililotundikwa jikoni au kibarazani: hita ya gesi, inayochemsha maji ya kuoga papo kwa papo. Wafanyabiashara wetu wanaopanga vyumba mtaa wa Xiaobei wanalifahamu kasha hilo, hasa asubuhi linapogoma.

Anayeitwa asubuhi hiyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Ukifungua maji, gurudumu dogo huzunguka na bodi ya umeme hupata habari. Lakini moto bado. Kwanza feni huzunguka, ifukuze hewa iliyotuama. Swichi ya presha ikithibitisha kwamba hewa inapita kweli, cheche hulia ta-ta-ta, kisha valvu ya gesi hufunguka. Mwali ukishika, ncha ya chuma iliyosimama ndani yake hupitisha mkondo wa umeme wa mikroampea chache tu, nao ndio ushahidi kwamba moto upo. Ushahidi usipofika, gesi hukatwa baada ya sekunde chache.  

Fundi hodari basi haanzi na bisibisi. Anafungua maji, anasimama, anasikiliza zamu imekatikia wapi. Feni inavuma na cheche haiji? Anatazama swichi ya presha na kimrija chake cha mpira, kisha bomba la moshi, kwani mende hupenda kujificha humo na nyigu kujenga. Mwali unawaka na kuzimika? Ncha ya ushahidi imeota masizi. Msasa laini unatosha. Unalipuka kidogo kabla ya kutulia? Cheche imechelewa na gesi imerundikana. Kuanzia Februari hadi Aprili ana adui mwingine, ule unyevunyevu wa Guangzhou unaofanya kuta na sakafu zitoe jasho: viungio vya nyaya hushika kutu, na bodi nzima hupatwa na wazimu usioeleweka. Msimu wa tufani, upepo hurudisha moshi ndani na swichi hukataa. Hapo hita haina ugonjwa wowote.

Na hapa ndipo mafundi wanapotengana. Kuna anayeziunganisha nyaya mbili za swichi inayokataa, hita ikawaka palepale, akalipwa na kushukuriwa. Amefanya nini? Amemnyamazisha shahidi. Bomba la moshi likiziba, kaboni monoksidi itaingia ndani, haina rangi wala harufu, na anayeoga atahisi usingizi tu. China iliyajua hayo kwa vifo: hita za kuogea zisizo na bomba la moshi zilipigwa marufuku kutengenezwa mwaka 1999, na kuuzwa mwaka 2000. Hata zile za gesi asilia zina ukomo wa miaka 8, ijapokuwa sioni wengi wanaoitupa hita inayowaka.

Mtihani mwingine wa fundi ni aina ya gesi. Mwaka 2006 gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika ilianza kushushwa kutoka Australia katika bandari ya Dapeng, Shenzhen, na miji ya Guangdong ikaanza kuiacha gesi ya zamani. Gesi ikibadilika, tundu la nozeli nalo hubadilika. Hita ya gesi asilia huandikwa 12T, ya mtungi 20Y. Mnunuzi asiyesoma herufi hizo huleta kontena la 12T Dar es Salaam, mji ambao wengi hupikia gesi ya mtungi, yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya gesi asilia kwa ujazo uleule. Mwali hurefuka, huwa wa njano, na masizi huziba mapezi ya shaba.

Fundi wa pupa hubana valvu hadi unjano upungue. Wa pili hubadilisha nozeli zote, hupaka povu la sabuni kwenye viungio, kisha hupima presha kwa mrija wa plastiki uliopindwa na kutiwa maji: kwa 20Y anatafuta sentimita 28 hivi, kwa 12T zingekuwa 20. Kazi inakula mchana mzima na bei yake inawafanya wateja wanune. Mimi ningemlipa yeye.