Minara ya Malta: ulinzi wa kuonana

Julai 1614, meli zipatazo 60 za Milki ya Osmani zililikaribia ghuba la Marsaxlokk, kusini mashariki mwa Malta. Mizinga ya ngome ya San Lucian ikazizuia. Lakini hazikurudi zilikotoka: zilisogea hadi ghuba jirani la Marsaskala, lisilo na ngome, zikashusha askari waliovamia Żejtun na vitongoji vyake.

Tukio hilo lilifichua kasoro ya mpango wa ulinzi wa Alof de Wignacourt, Mkuu wa Shirika la Mtakatifu Yohane lililotawala kisiwa. Minara yake, San Lucian ukiwa mmoja wao, ilikuwa mikubwa na imara, ila kila mmoja ulilinda ghuba lake tu. Jibu la kwanza lilikuwa kujenga mwingine wa aina hiyohiyo pale Marsaskala. Kwa gharama ile, pwani nzima isingezibika.

Martin de Redin, aliyekuja kuwa Mkuu wa Shirika baadaye, alilitazama tatizo kwa namna nyingine. Kati ya 1658 na 1659 alijenga minara 13 midogo, akifuata mfano wa mmoja wa mwaka 1638 ulioko Wied iż-Żurrieq. Kila mmoja ulikuwa jengo la mraba lenye vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, na paa bapa la kuweka mzinga. Walinzi walikuwa wanne. Mlango uliwekwa ghorofani. Ngazi ikishavutwa ndani, adui hana pa kupandia.

Watu wanne hawawezi kurudisha jeshi baharini, wala hawakutarajiwa kufanya hivyo. Kazi yao ilikuwa kustahimili hadi ishara ifike. Kwa hiyo kila mnara ulijengwa mahali unapoonana na jirani zake. Mchana walitoa moshi, usiku waliwasha moto, na habari ikarukia mnara hadi mnara mpaka mji mkuu, Valletta. Kisiwa jirani cha Gozo, kilichopoteza watu wapatao 5,000 waliochukuliwa utumwani mwaka 1551, kilikuwa tayari kimeunganishwa na kisiwa kikuu kupitia Mnara Mwekundu wa Mellieħa, uliokamilika 1649.

Mpango huu nao ulikuwa na bei yake: ukungu ukitanda, au mlinzi mmoja akisinzia, mnyororo unakatika. Hata hivyo hesabu ya De Redin ilikuwa sahihi. Mtaji wa mvamizi ni kushtukiza, na kumnyang'anya huo ni nafuu kuliko kupigana naye kila ghuba.