Mtoano Usiofika Runzewe

Wapenzi wa mpira wa kikapu ninaokutana nao hapa Runzewe, na si wengi, wana ndoto moja. Wanataka kombe la klabu za wanaume, nchi nzima, kwa mtoano kama lile la soka: ukifungwa unarudi nyumbani. Ukiwauliza kwa nini, wanakutajia Green Warriors. Desemba 2017 timu hiyo ya daraja la chini iliitoa Simba, bingwa mtetezi, kwa penalti katika Kombe la Shirikisho. Mwaka uliofuata Mashujaa ya Kigoma ikaifunga Simba hiyohiyo 3–2. Basi, wanasema, na sisi tupewe nafasi.

Naipenda ndoto hiyo. Tatizo ni kwamba imeazimwa kutoka mchezo mwingine.

Soka ni mchezo wa uchache. Unapata goli moja dakika ya nne, unarudisha watu wote nyuma ya mpira, unaomba Mungu. Kikapu hakikupi ruhusa hiyo. Ukishika mpira una sekunde 24 uwe umeshapiga. Mechi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400, gawanya mwenyewe. Hata timu zote mbili zikijivuta kwa makusudi, mashambulizi yanakaribia 100. Bahati inaweza kukubeba katika matano, hata kumi. Katika 100, mwenye benchi refu atakufikia tu. Sare nayo haipo: mkilingana mnaongezewa dakika tano, kisha tano nyingine, mpaka mmoja aanguke. Na mchezaji wako bora akifikisha faulo tano, anakwenda kukaa.

Wamarekani wanalijua hili vizuri. Mashindano yao ya vyuo vikuu ya kila Machi ndiyo mtoano wa kikapu unaozungumzwa kuliko wote, na husifiwa kwa maajabu yake. Lakini kuanzia 1985 hadi kufikia 2018, timu za wanaume zilizopangwa namba 1 zilikutana na zile za namba 16 mara 135, zikashinda mara zote 135. Ndipo UMBC ikaifunga Virginia 74–54, na dunia ikashangaa. Ajabu moja katika miaka zaidi ya 30! Anayeninadia mtoano wa kikapu kwa ahadi kwamba mdogo atamwangusha mkubwa, ananiuzia kifusi na kuniambia ni mawe ya dhahabu.

Chukua sasa vijana 12 wa hapa. Mmoja anashinda kwenye karasha, wawili ni bodaboda, mwingine ni mwalimu. Wachangiwe nauli, wapande basi kupitia Kahama, Nzega, Singida na Dodoma, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam. Wacheze dakika 40, wafungwe kwa tofauti ya pointi 50, wapande basi kurudi. Hiyo ndiyo nafasi tunayoililia?

Tunavyo vikombe tayari, na vina ugonjwa wao. Kombe la Taifa la kikapu, lile lililochezwa Dodoma mwaka 2020 kwa udhamini wa Benki ya CRDB, ni la timu za mikoa. Timu ya mkoa inakusanywa, inacheza, inatawanyika. Haina mtaa, haina jioni za mazoezi ambazo mtoto anaweza kusimama pembeni akatazama. Klabu ndiyo yenye hivyo, kwa hiyo wanaodai kombe la klabu wana hoja. Lakini kuzikusanya klabu kwenye mji mmoja kwa siku chache hakumalizi ugonjwa, kunauhamisha tu.

Hispania hufanya hivyo kwa fahari. Copa del Rey yao ya kikapu ni timu nane, mji mmoja, siku nne za Februari, na hakuna anayelalamika, kwa sababu ni sherehe ya wakubwa na haijifanyi kitu kingine. Mfano ninaoutaka mimi uko Ufaransa, tena kwenye soka: katika Coupe de France, klabu iliyo chini ya mpinzani wake kwa madaraja mawili ndiyo inayocheza nyumbani. Mkubwa ndiye anayepanda basi. Mdogo anaweza kufungwa vibaya sana, na mara nyingi hufungwa, lakini anafungwa mbele ya mama yake, wanafunzi wake na wadeni wake.

Kwangu thamani yote ya mtoano iko hapo. Matokeo tunayajua kabla ya mpira kurushwa. Kinachobaki ni nani amesafiri.

Geita Gold ilitufundisha hili kwa uchungu. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, ikamaliza msimu wa 2021/22 nafasi ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mkoa mzima ulivimba kichwa. Lakini mechi zake za nyumbani dhidi ya Simba na Yanga msimu huo zilichezwa CCM Kirumba, Mwanza. Tulikuwa wenyeji katika mji wa watu. Mwaka 2024 timu ikashuka.

Msiniambie njia ni ndefu. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita hapa Runzewe usiku na mchana. Basi la klabu ya Dar litashindwaje? Kikwazo cha kweli ni chini ya miguu. Kikapu, tofauti na soka, hakichezeki kwenye vumbi: mpira ukidundwa kwenye tope la masika unabaki hapohapo. Pete ninayoiona katika shule moja ya hapa imesimama juu ya udongo, imeinama kidogo kama inasikiliza.

Kiwanja kamili ni mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420 za zege, na ukingo kidogo pembeni. Mafundi wanaomwaga sakafu za karasha wanaiweza kazi hiyo, na wachomeleaji wa stendi watatengeneza pete wakipewa vipimo: mita 3.05 kutoka chini, kipenyo cha ndani sentimita 45.