Mtelezo wa Uani

Bujumbura ni mji wa mteremko. Maji ya milimani yanashuka kwa mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha mpaka Ziwa Tanganyika. Ndizi na makaa yanashuka kutoka Bugarama, kilomita kama 35 za kona tupu, juu ya baiskeli zinazoendeshwa na vijana ambao ujasiri wao umesifiwa mbali na hapa. Mtoto wa vilimani hahitaji mwalimu wa kuteleza: hupasua bidoni kuukuu katikati, au hutafuta gogo la mgomba, akakaa juu yake na kujiachia. Kushuka si kazi. Kusimama ndiko kunakotaka fundi.

Ndiyo maana namheshimu babu anayewajengea wajukuu mtelezo wa maji uani. Mpita njia ataona mchezo wa mzee mstaafu: shitingi, mchanga, ndoo chache za maji. Mimi naona ufundi kamili, maana kazi yake yote ni kumpa mtoto kasi kisha kumpokea mzima.

Wako watakaouliza kwa nini asiwapeleke ziwani, na ufukwe wa Saga Plage hauko mbali. Lakini ziwa lina wenyewe. Viboko hutoka majini jioni kutafuta malisho, na mamba wapo. Mamba mkubwa Gustave, aliyewindwa kwa miaka na Mfaransa Patrice Faye mpaka akatengenezewa kizimba cha chuma, hakukamatwa. Tena miaka hii maji yenyewe yamewafuata watu majumbani. Mwaka 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuizamisha Gatumba; mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka mitaa ya ufukweni. Kwa familia nyingi shitingi ni paa la aliyepoteza nyumba. Kuitandaza chini ili mtoto ateleze juu yake akicheka ni kumpatanisha na maji, kwa kipimo ambacho mzee anaweza kukisimamia.

Na kipimo ndio moyo wa kazi hii. Viwanja vya mtaa wetu wa Buyenzi ni vidogo, na mara nyingi ua mmoja ni wa kaya kadhaa. Fundi mwenye haraka ataanza na jukwaa la juu, kwa kuwa ndilo watoto wanalolitamani. Fundi mwenye busara huanza ukutani, mwisho kabisa wa ua, akapima kurudi nyuma. Mtoto anayeanzia kimo cha mita 1, kama hakuna kinachomkwaza, hufika chini kwa kasi ya kilomita 16 hivi kwa saa. Kimo kikiwa mita 2, kasi inapita 22. La kuzingatia zaidi ni hili: ukizidisha kimo mara mbili, na mahali pa kupunguzia mwendo panatakiwa pawe parefu mara mbili. Kwa hiyo ukuta ndio unaoamua kimo. Mzee hutenga kwanza sehemu tambarare ya kumsimamisha mtoto, akaitilia mchanga mwingi chini ya shitingi uwe laini, na kinachobaki ndicho anachokijengea kilima cha udongo ulioshindiliwa. Kilima hicho huwa kifupi kuliko wajukuu walivyoomba. Watalalamika, avumilie.

Shitingi zinapounganishwa, kipande cha juu hulala juu ya cha chini, kama mabati ya paa, ili maji yasipenye na kidole cha mguu kisinase. Kingo hukunjwa juu ya mifuko ya mchanga ili kumrudisha katikati atakayeyumba. Vigingi hukaa mbali na njia, na kamba ni vipande vya tyubu za baiskeli, vilevile vinavyofungia mizigo kwenye barabara ya Bugarama: vinavutika, havikati ngozi.

Ufundi huu una wazee wake hata ng'ambo. Mwaka 1960, huko Lakewood, California, Robert Carrier, aliyekuwa fundi wa kushonea viti, alimkuta mwanawe na rafiki zake wakiteleza juu ya saruji iliyolowa mbele ya nyumba. Alijua saruji ingewachubua. Akaleta nyumbani jora la ngozi ya plastiki, akaushona ukingo mmoja uwe mrija, na katika mshono akaacha nafasi ili maji yavuje njia nzima. Mwaka 1961 kampuni ya Wham-O ilianza kuuza kazi yake kwa jina la Slip 'N Slide. Mimi huupenda ule mshono. Mtu alichukua sindano ya kazi yake ya kila siku, akaigeuza kuwa zawadi kwa mwanawe.

Kwetu, bomba likiwa limekauka, bidoni ya lita 20 inafanya kazi hiyohiyo. Hutobolewa safu ya matundu upande mmoja kwa msumari uliopashwa moto, ikalazwa kichwani pa mtelezo, matundu yakielekea chini. Siri iko kwenye kifuniko. Ukikikaza, hewa haiingii na maji yanakatika. Ukikilegeza kidogo, yanatambaa juu ya shitingi kwa utando mwembamba, na utando ndio unaotelezesha, wala si wingi wa maji. Chini huchimbwa beseni la udongo lililotandikwa plastiki. Maji yakijaa huchotwa kwa ndoo na kurudishwa juu. Yakichafuka huishia kwenye tuta la lengalenga, na ndiyo sababu sabuni haitiwi. Mzee aliyezoea kutawadha kwa birika moja hapati shida kuelewa hesabu hii: furaha ya watoto haihalalishi israfu.

Liko sharti moja ambalo kila mjenzi lazima alikubali. Mwaka 1993 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilionya kwamba, kati ya 1973 na 1991, watu wazima 7 na kijana wa miaka 13 walikuwa wameumia shingo kwenye mitelezo ya aina hii, wengine wakapooza. Mwili mkubwa ukijitupa kwa kifua hukwama ghafla, na uzito wote unasukuma shingo. Kwa hiyo babu anajenga kitu ambacho yeye mwenyewe hapaswi kukitumia, na watoto nao huteleza wameketi, miguu mbele.

Ufundi ambao mwenyewe hauonji hupimwaje? Kwa kiganja. Kabla ya mtoto wa kwanza kupanda, mzee hupiga magoti na kupitisha mkono juu ya shitingi kavu, toka juu hadi chini, polepole. Kokoto ndogo iliyojificha chini ya plastiki huinuka mkononi, naye husimama, hufunua, huitoa, hutandika upya. Kisha hurudia kwa upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo, kwa sababu ngozi ya pale bado ni laini na huhisi kile ambacho kiganja chenye sugu hakikihisi tena. Kwa mkono huo anakuwa mtoto kwa muda, akiteleza njia nzima kabla yao.

Kisha zamu zinaanza, na kazi yake inakuwa ya sauti tu. “Babu, nije?” “Subiri mwenzio atoke kwanza.” Hatoi ruhusa mpaka njia iwe tupu. Bibi, kwenye kivuli cha mwembe, anamtania kwamba amekuwa polisi wa barabarani. Acha awe. Anayejenga kasi ana wajibu wa kuilinda mpaka jioni, na jioni huizoa shitingi na kulimwaga beseni, maana mtoto mdogo huweza kuzama hata kwenye maji machache.

Likizo ya kiangazi ikija, mjukuu aliyekua kidogo apewe jembe, asipewe nafasi ya kuteleza tu. Achimbe kule mwisho, ashindilie, apitishe mkono wake mwenyewe kutafuta kokoto, kisha amtume mdogo wake juu. Atakapokataa kusema “njoo” mpaka aridhike na pale ndugu yake atakaposimama, mzee ajue kwamba ufundi wake umepata mrithi.