Chungwa, Ndizi na Rangi Mbili: Usanifu wa Alama katika Kura za Maoni za Kenya

Tume ya Uchaguzi ya Kenya, iliyokuwa chini ya uenyekiti wa Samuel Kivuitu, ilipopaswa mwaka 2005 kuwatafutia wapiga kura alama mbili za kutenganisha Ndiyo na Hapana katika kura ya maoni juu ya rasimu ya Katiba, ilihitaji vitu visivyokuwa na dini, wala kabila, wala chama, ambavyo hata mtu asiyejua kusoma angevitambua pasipo kuulizia kwa jirani. Na vitu hivyo vikapatikana gengeni, ndizi ikapewa Ndiyo na chungwa likapewa Hapana. Hitaji lilikuwa la haki, lakini kulitimiza kikamilifu ni muhali, kwani kitu kikiisha kuchorwa na kuwekwa mbele ya macho ya watu huanza papo hapo kukusanya maana, na kikiwekwa mkabala na hasimu wake hukusanya maradufu. Tanzania ilikuwa imelionja jambo hili miaka 40 nyuma. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa jimbo walipewa mmoja picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuwatofautisha. Lakini nchi ya wakulima, iliyokuwa ikihimizwa usiku na mchana kufanya kazi, haingeweza kulitazama jembe kama mstari mtupu wa wino.

Na tuyatazame matunda ya Kenya kwa jicho la mchoraji. Chungwa ni duara. Likitazamwa kutoka juu au ubavuni halibadiliki sura, na kwa hiyo fundi wa mabango, awe na brashi ya dukani au kipande cha mkaa, hulimaliza kwa mzunguko mmoja wa mkono, kisha akalitia jani dogo ili lisidhaniwe mpira. Fauka ya hayo, tunda hili lina fadhila ambayo wasanifu wa nembo huitafuta kwa gharama kubwa na aghalabu wasiipate, nayo ni kwamba umbo, jina na rangi yake ni kitu kimoja, hata mtu aliyevaa fulana ya rangi ya chungwa, isiyo na picha wala neno, alikuwa amekwisha kutangaza kura yake. Ndizi haikujaliwa hivyo. Ikiwa mbichi ni ya kijani, ikiiva ni ya manjano, ikikaa huingia madoa meusi; umbo lake hutegemea upande inakoelekezwa, na ikichapishwa ndogo kwa wino mmoja huweza kudhaniwa mwezi mchanga au pembe; tena mchoraji hulazimika kuamua kama achore moja au kichane kizima, na kila uamuzi huzaa alama nyingine, hivi kwamba kambi ya Serikali, iliyopigania Ndiyo, pamoja na uwezo wake wote wa fedha na matbaa, ilikabidhiwa kitu kigumu kukifanya kimoja machoni pa watu.

Huo ni mchoro tu. Sanaa ya kampeni ile haikutoka kwa wenye kalamu na kompyuta peke yao, maana alama yenyewe ilinunulika kwa shilingi chache na kuinuliwa mkutanoni kwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kuchora chochote maishani mwake. Hapa ndizi ilipata hasara ya pili, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo kubwa: humenywa kwa vidole mbele ya umati, ikaliwa kwa kejeli, na ganda lake likatupwa chini likanyagwe, na hasimu anayeweza kufanya hivyo hana haja ya mchora katuni. Chungwa lataka kisu. Rangi yake, kwa sadfa, ilikuwa imetoka kuvaliwa na waandamanaji wa Ukraine mwishoni mwa 2004, na wapo waliopenda kuunganisha habari hizo mbili. Mimi naona mpiga kura wa Kakamega hakuhitaji kuijua Kiev ili aliinue tunda alilonunua asubuhi.

Tarehe 21 Novemba 2005 Hapana ilipata takriban asilimia 58. Sithubutu kusema kwamba tunda ndilo lililoshinda, kwa kuwa watu walikuwa wakigombania madaraka ya Rais, na wadhifa wa Waziri Mkuu ambao rasimu ya awali, iliyotoka katika mkutano wa katiba wa Bomas, iliupa nguvu na rasimu iliyopigiwa kura ikaunyang'anya, na uhasama ulioupasua muungano tawala wa NARC tangu uliposhinda uchaguzi wa 2002. Kazi ya alama ilikuwa kuipatia ghadhabu hiyo umbo la kushikika, na ushahidi wake ni kwamba swali lilipokwisha kujibiwa umbo lilibaki: likazaliwa vuguvugu, kisha chama cha Orange Democratic Movement, ambacho hata leo hubeba chungwa lile lile lililogawiwa na tume kama kitambulisho cha siku moja. Upande wa Serikali uliuendea uchaguzi wa 2007 kwa chama kipya cha PNU, na ndizi ukaiacha gengeni.

Rasimu nyingine ilipofikishwa kwa wananchi mwaka 2010, tume ya muda iliyorithi kazi ile iliyakimbia matunda na kukimbilia rangi, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa Hapana. Rangi haimenywi wala haiozi, na zote mbili zimo katika bendera ya Taifa. Hata hivyo dereva yeyote wa Nairobi anajua taa ya kijani humwambia nini na nyekundu humwamuru nini, wala si dereva peke yake, kwani Kombe la Dunia lilikuwa limekwisha Afrika Kusini wiki chache tu kabla ya kura, na kadi nyekundu ya mwamuzi ilikuwa bado mbichi machoni. Na kwa mtu mwenye upofu wa rangi, kijani na nyekundu ndiyo jozi inayomtatiza kuliko zote. Kosa la usanifu ambalo ningelitarajia likamatwe mapema. Tarehe 4 Agosti kijani kilishinda kwa asilimia zipatazo 67, ushindi mpana kuliko ule wa chungwa, lakini hakikuacha chama chenye jina lake, kwa sababu rangi hiyo ilikuwa tayari mali ya bendera, ya sare za shule na ya mashamba ya chai, na hapakuwa na kambi iliyoweza kuikata kipande ikakiita chake.